Njia ya Kwao Zarasoa

Kicheko ndicho kilichomharibia Jaovita siku yake. Alikuwa anashuka na wageni wawili, mzee wa Kitaliano na mkewe mwenye fimbo, na walishafika ngazi za chini ambako ngurumo ya maporomoko hujaa masikioni mpaka mtu hasikii hatua zake mwenyewe. Lakini kicheko cha mke wake mwenyewe alikisikia. Kilipita katikati ya ngurumo ile kikaja kumchoma chini ya mbavu, maana alikuwa ameishi na Zarasoa miaka na miaka, na kicheko cha namna ile hakijawahi kusikika nyumbani kwake.

Akaongeza mwendo, mama wa watu akabaki nyuma na fimbo yake. Chini, kwenye kibanda ambamo Zarasoa huwapikia wageni chakula cha mchana, Tilahy alikuwa amekaa juu ya gogo, kisu mkononi, anamenya mihogo. Sasa nikuulize wewe: mwanamume mzima, mwongoza wageni mwenye kitambulisho shingoni, ana kazi gani ya kumenya mihogo ya mke wa mtu? Na aliimenya vizuri, hilo ndilo lililomuudhi Jaovita zaidi. Ganda lilitoka refu, halikatiki.

"Leo umewahi," Zarasoa akasema, anajifuta macho kwa pindo la kanga. Alikuwa amejipaka liwa usoni kama wanawake wote wa mji wao, Ambohitra, na machozi ya kucheka yalikuwa yamechora michirizi kwenye liwa.

"Mnacheka nini?"

"Aa, si kitu. Ukisimuliwa hakichekeshi."

Jaovita akarudi kwa wageni wake, lakini moyo ulibaki pale. Mzee wa Kitaliano alitaka kuonyeshwa kile kinyonga kidogo kinachoishi chini ya majani makavu, kisichozidi ukucha wa mtu. Jaovita, ambaye kwa kawaida hukipata huku anaongea mambo mengine, siku hiyo alipekua majani kama kuku na asione kitu, kwa sababu kila mara macho yalimrudi kibandani. Mwishowe Tilahy akaja, akapiga goti, akafunua jani moja. Akakionyesha kwa kidole kilichokunjwa, maana pale maporomokoni ni mwiko kunyoosha kidole, mizimu ya wafalme wa zamani imo mle majini. Mzungu akafurahi, akatoa noti ya ariari elfu kumi akampa Tilahy.

Jaovita si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Pale Ambohitra hakuna asiyemshukuru kwa ile njia. Zamani kwenda maporomokoni ilikuwa kazi ya vijana: utelezi, mizizi, ruba wanakung'ang'ania miguuni. Ni Jaovita aliyepanga mawe, akachonga ngazi, akafunga fito za kushikilia penye mteremko, akatandika vigogo vya kangaga penye tope. Siku hizi bibi mwenye fimbo anatoka mjini asubuhi, anatazama maji, anakula wali wake, anarudi bila kuhema. Mwaka huo alikuwa ameivusha njia ng'ambo ya mto, akajenga daraja la mianzi na ngazi za mawe za kupanda mpaka ziwani, kwa sababu wageni wakishaona maji yanayoanguka hutaka kuona na yaliyotulia. Na kule juu ziwani, katika nyumba ya zamani ya walinzi wa msitu, ndiko alikohamia Tilahy.

Huyu Tilahy alikuja akitokea pwani ya mashariki, hana mke, hana jamaa pale mlimani. Angekuwa mzuri wa sura Jaovita angeelewa. Lakini alikuwa na pengo mbele na masikio makubwa, na alichokuwa nacho cha zaidi ni maneno tu. Akikaa mahali, watu husogea.

Na Zarasoa hakuwa na kwao. Kimbunga kiliwachukua wazazi wake na kaka yake, yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa kule bandarini Antsiranana na mama mmoja muuza mchele, na huyo naye alishakufa. Kwa watu wa kule hilo si jambo dogo. Mke wa Kimalagasi akionewa hapigani na mumewe wala hapigi kelele. Anakunja nguo zake, anasusa, anakwenda kwa kaka zake. Basi kazi inabaki ya mume: anunue pombe, anunue kanga mpya, atafute wa kumsindikiza, aende akaketi chini karibu na mlango wa shemeji zake na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya ukoo. Aibu yote ni yake. Botovelo, mwenzake Jaovita kazini, ameshakwenda kuomba ukweni mara nyingi hata mbwa wa kule hawambwekei tena.

Jaovita hajawahi. Na alijisifia. Kilabuni, wenzake wakilalamika, yeye alikuwa akisema mke wake hajawahi kususa hata siku moja, tangu amuoe, na wenzake wakamwona ana bahati. Hakuwaambia kwamba Zarasoa akionewa huchukua sufuria yake, akaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akaitazama mibuni mpaka mvua inyeshe au hasira imwishe. Kisha hurudi ndani, maana angekwenda wapi? Jaovita alilijua hilo vizuri sana. Hakuwahi kulisema kwa sauti hata moyoni mwake, lakini alilijua, na ndilo lililompa usingizi.

Sasa usingizi ukaisha. Mtu mwenye wivu ana kazi nyingi jamani, sijui hupata wapi nafasi ya kula. Asubuhi alitazama Zarasoa amejipaka liwa nyingi au kidogo. Mchana alitazama sahani ya Tilahy imejazwa kiasi gani. Jioni alinusa kanga ya mkewe ikiwa kambani, na ilinuka moshi na kisamvu kama ilivyonuka siku zote, asipate amani hata hapo. Alianza kubadilishana zamu na wenzake ili Tilahy asipite kibandani saa za chakula, na Tilahy akawa anapita baada ya chakula, kuosha vyombo.

Jioni moja uvumilivu ukamshinda. Walikuwa wanakunywa maji ya moto ya ukoko wa wali baada ya kula, akamuuliza mkewe bila kuzunguka: kuna nini kati yako na yule mtu?

"Ananichekesha," Zarasoa akasema. "Basi. Hakuna lingine."

"Kwani mimi sikuchekeshi?"

"Wewe unanichunguza."

Alilisema bila ukali, anakusanya vyombo. Jaovita angependa lisemwe kwa ukali, angejibu. Alikaa pale na kikombe chake akamchukia Tilahy kwa chuki safi kabisa, akatamani ateleze ngazini avunjike mguu. Halafu akakumbuka kwamba ngazi alizitengeneza yeye mwenyewe na hazitelezi.

Wazo lilimjia kwa mdomo wa Botovelo, ambaye alikuwa anasimulia tu mambo ya shangazi yake. Shangazi huyo aliuza ng'ombe, akawa anasafiri masiku na mchuuzi mmoja, na ili watu wasiseme, walichanjiana wakawa ndugu wa damu. Baada ya hapo hata wangelala kibanda kimoja hakuna aliyefungua mdomo. Kwani nani ataguswa na ndugu yake? Mwiko wenyewe haufai hata kutajwa. Watu wa namna hiyo huoza wakiwa hai na watoto wao hawasimami.

Jaovita akaacha kutafuna. Akamwambia Botovelo arudie, na Botovelo akarudia, na Jaovita akahisi mtu amemfungulia dirisha kifuani. Hakulala usiku ule, lakini safari hii kwa raha.

Kesho yake akamwendea Bibi Moana, mtunza maporomoko, ambaye ndiye huwasemea watu kwa mizimu wakileta asali na sarafu zao. Alimkuta anauza mihogo ya kuchemsha mlangoni, shavu limevimba tumbaku. Jaovita akamweleza shida yake kwa kujizungusha: kwamba Zarasoa hana ndugu, anamhurumia, na Tilahy naye ni mpweke, na yeye kama mume ameona ni vema wachanjiane.

Bibi Moana akatema tumbaku pembeni.

"Unataka kumpa mkeo kaka."

"Ndiyo, bibi."

"Kaka wa kweli? Na vyote vya kaka?"

"Vyote."

Bibi kizee akamtazama kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia alete tangawizi, kisu kipya, sarafu ya fedha ya zamani, na pombe ya miwa chupa mbili, moja ya mizimu na moja yake yeye. Jaovita akaenda zake haraka asije akabadili mawazo. Kile kicheko hakukiuliza, alikuwa amechoka kuuliza vicheko.

Tilahy alipoambiwa alinyamaza. Yeye, mtu wa maneno, alisimama pale kwenye daraja la mianzi akayatazama maji yakipita chini, mkono umeshika ufito, kwa muda mrefu kabisa. Jaovita akamtazama na akaona alichotaka kuona. Nilijua, akasema moyoni, nilijua, kumbe sikuwa mwendawazimu. Hatimaye Tilahy akauliza jambo moja tu: Zarasoa anasemaje? Na Zarasoa, alipoulizwa jioni ile, alifunika uso kwa kanga akalia. Alilia kwa kwikwi, mabega yanatikisika, huku anaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, anakubali. Jaovita alikaa mbele yake akayasikiliza machozi yale kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame. Kwake yeye yalikuwa ya mwanamke anayeagana na hawara.

Wakachanjiana siku ya Alhamisi, viatu vimevuliwa, mbele ya maporomoko. Bibi Moana aliwachanja kila mmoja kidogo juu ya moyo, akaitia damu kwenye kikombe cha maji pamoja na tangawizi na sarafu, akayakoroga kwa ncha ya kisu huku anaongea na walio majini. Sauti yake ilikuwa kavu na haikusita. Mlango wake ni mlango wako, alisema. Chungu chake ni chungu chako. Akidhulumiwa, simama. Akija umemfungulia, hata kama huna cha kumpa. Akifa, fungua nywele zako umlilie. Na ukimtazama kwa jicho lisilo la ndugu, maji haya yakutafute popote utakapolala. Wakanywa, kwanza Tilahy kwa kuwa ndiye mkubwa, halafu Zarasoa. Jaovita katika yote yale alisikia la mwisho tu, na alilisikia vizuri, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Raha ile haikufika mbali.

Jumapili iliyofuata Tilahy aliingia nyumbani kwao bila kupiga hodi. Alipita tu, akasema "dada," akafunua chungu, akachukua kipande cha nyama akala amesimama. Jaovita akainuka nusu, kisha akakaa, maana mtu hapigi hodi kwa dada yake. Zarasoa alichinja kuku siku hiyo, na kipande cha mkia, kile ambacho Wamalagasi humpa mkubwa kwa heshima, na ambacho katika nyumba ile kilikuwa cha Jaovita tangu siku ya ndoa, akakiweka kwenye sahani ya kaka yake. Alikiweka kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Hakukosea, ndivyo inavyotakiwa. Jaovita akala bawa.

Na vicheko havikupungua, viliongezeka, kwa sababu sasa havikuwa na cha kuogopa. Walicheka kibandani, walicheka sebuleni, walicheka kwenye daraja katikati ya wageni. Tilahy alimwita mdogo wake majina ya utani, Zarasoa akamtania juu ya pengo lake. Lililo baya zaidi ni kwamba Jaovita hakuwa na pa kulalamikia. Mwanamume anaweza kumwonea wivu mwanamume. Lakini kumwonea wivu kaka wa mke ni kusema kwamba hao ndugu wanafanya la mwiko, na anayesema hivyo pasipo ushahidi hutozwa ng'ombe na wazee wa mji, na watu huhama benchi anapokaa. Mdomo wake alikuwa ameushona mwenyewe, kwa uzi wake mwenyewe. Botovelo alipomuuliza anaendeleaje na shemeji, kwa lile tabasamu lake, Jaovita alijibu vizuri sana, tunashukuru.

Yakamkaa tumboni wiki baada ya wiki. Akawa mkali juu ya vitu vidogo: chumvi, kuni, koti la mvua kutundikwa vibaya. Zarasoa alikwenda kukaa kwenye jiwe lake nyuma ya nyumba mara mbili au tatu, na mara hizo zote alirudi. Jaovita akapata nafuu ya aina yake, akaona angalau hilo halijabadilika.

Mpaka siku ile ya wali. Kulikuwa na wageni wengi maporomokoni, wengine wamekaa tayari na sahani mapajani. Jaovita alishuka na kundi lake, amelowa, ana njaa, na jambo la kwanza aliloliona ni Tilahy amevaa sweta. Sweta la kijivu, jipya, lenye mchoro wa zigizaga kifuani, na mchoro ule Jaovita aliujua kwa sababu Zarasoa alikuwa analifuma tangu mvua zianze, jioni kwa jioni, karibu na moto, na Jaovita alikuwa akimtazama akifuma na kudhani ni lake.

Hakupanga. Hata yeye akisimulia husema mguu ulikwenda wenyewe. Aliipiga teke sufuria ya wali ikapinduka, wali wote ukamwagika kwenye tope, mweupe, unafuka moshi. Kwa Wamalagasi wali haumwagwi. Mtoto akidondosha punje huziokota. Wageni walinyamaza bila kujua kwa nini, na wenyeji walinyamaza kwa sababu walijua. Tilahy akasimama, akatupa macho kwa Zarasoa.

Zarasoa hakumtazama mumewe. Aliinua sufuria, akaisuuza mtoni bila haraka, akaifuta. Akajifunga kanga upya kiunoni, akaiweka sufuria kichwani. Halafu akavuka daraja la mianzi, mkono mmoja kwenye ufito wa kushikilia, akaanza kuzipanda ngazi za mawe kuelekea ziwani. Alikwenda taratibu, hakujikwaa popote.

"Mkeo amesusa, bwana," Botovelo akasema.

"Asusie wapi?" Jaovita akajibu, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hana kwao yule."

Botovelo akamtazama Jaovita, akawatazama watu waliokuwa pale, akamtazama tena.

"Hana?"

Hapo ndipo Jaovita aliposikia, kwa mara ya kwanza, maneno yote ya Bibi Moana. Akija umemfungulia. Akidhulumiwa, simama. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa miguu yake, amenunua kisu na tangawizi, amempa mkewe mahali pa kwenda, na akamtengenezea na ngazi za kumfikisha.

Siku za kwanza alijitia ukaidi. Alipika mwenyewe, akaunguza. Jioni alikwenda nyuma ya nyumba akalitazama lile jiwe, majani yameanza kuota pembeni mwake, akasimama pale mpaka mvua ikamlowesha. Ndani alikuwa akigeuka kumwambia mtu kitu na mtu hayupo. Ukimuuliza alikuwa na hasira atakwambia ndiyo, lakini mimi nasema aliogopa. Alikuwa anaogopa kwamba kule juu Zarasoa anacheka, ana moto na paa na kaka, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu amuoe, kurudi kwake ni kwa hiari yake.

Basi akanunua pombe. Akanunua kanga nzuri kuliko zote zilizokuwa dukani, akamwomba Botovelo na Bibi Moana wamsindikize, wakaondoka asubuhi. Mji mzima ulijua wanakokwenda, na waliokutana nao njiani waliwasalimia kwa adabu iliyozidi. Bibi Moana, mwenye umri ule, alizishuka ngazi zote mpaka maporomokoni, akavuka daraja, akapanda upande wa pili bila kupumzika.

"Njia umeitengeneza vizuri, mjukuu wangu," akamwambia. "Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuliona ziwa kabla sijafa. Nyepesi kabisa." Jaovita akasema asante bibi, akaendelea kubeba chupa.

Tilahy aliwapokea amevaa lile sweta. Alikaa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya nyumba, upande wa mizimu, ambako hukaa mwenye heshima, na Jaovita akaonyeshwa jamvi la kusini karibu na mlango, wanakoacha ndala. Zarasoa alikaa nyuma ya kaka yake, sufuria yake iko mekoni. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, au labda alikuwa amelala vizuri. Botovelo alisema maneno ya kufungua, akazunguka wee kama desturi inavyotaka, akaomba radhi kwa waliokufa na walio hai, akaweka chupa na kanga katikati. Kisha zamu ya kaka ikafika.

"Shemeji," Tilahy akasema, na hakukuwa na mzaha hata chembe, "dada yetu alikosa nini hata ukamwaga wali wake mbele za watu?"

"Hakukosa kitu."

"Kwa nini basi?"

"Niliona wivu."

"Wivu na nani?"

Botovelo aliangalia miguu yake. Kila mtu mle ndani alilijua jibu, na kila mtu alijua kwamba likitamkwa mambo yameisha, mke harudi, na ng'ombe atadaiwa jioni hiyo hiyo. Jaovita aliyatazama yale masikio makubwa na lile pengo. Akatafuta jambo jingine la kusema, la uongo, na hakulipata, akaangukia kwenye la kweli lililokuwa chini ya lile alilokuwa akilijua.

"Na kicheko chake," akasema. "Kila mtu anakipata. Mimi sikipati. Nimekuwa nikimwonea kwa sababu nilijua hana pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda hachekei nyumbani. Hilo nalo nililijua."

Hakuna aliyemsaidia. Bibi Moana akatafuna tumbaku yake. Zarasoa, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema mpaka aulizwe, akasema.

"Siku uliponiambia nichanjiane naye, nililia. Ulidhani nalia nini?"

Jaovita akazitazama ndala za mlangoni.

"Nililia kwa sababu nilikuwa napata kwetu. Na nilikupenda sana siku ile, wewe mwanamume. Nilidhani umenionea huruma. Lile sweta nililianza kuwa lako, likawa la kaka yangu siku uliponifokea kwa ajili ya chumvi."

Kaka akamuuliza kama anataka kurudi, na Zarasoa akaitazama ile kanga bila kuigusa. Mwishowe akasema atarudi. Akasema pia kwamba nguo zake nusu zitabaki pale ziwani, na hatazichukua. Tilahy akafungua chupa, akamwaga kidogo pembeni kwa waliotangulia, wakanywa.

Wakati wa kutoka, wengine wameshatangulia njiani, Tilahy alimshika Jaovita mkono chini ya upenu. Aliongea polepole huku anatazama ziwa.

"Hukukosea, shemeji. Zamani, kabla ya kile kikombe. Yeye hakujua, wala hajui. Siku ile darajani nilitaka kukataa na kuhama mlima huu. Halafu nikamsikia ameshakubali, na anavyolia kwa furaha, anakimbia kumwambia kila mtu atapata kaka. Nikanywa." Akauachia mkono wake. "Sasa ni dada yangu. Umwangalie."

Hebu fikiria. Miezi yote ile Jaovita alitaka kitu kimoja tu, aambiwe kwamba hakuwa mwendawazimu, na sasa ameambiwa, na hakuwa na pa kulipeleka neno hilo. Hakuona hata raha. Aliitikia kwa kichwa, akavaa viatu.

Wakashuka. Bibi Moana na Botovelo mbele, Zarasoa na sufuria kichwani, Jaovita nyuma. Bibi kizee akasema jambo, Zarasoa akacheka, kile kile kicheko, na Jaovita akafungua mdomo amuulize anacheka nini. Akaufumba tena. Karibu na daraja jiwe moja la ngazi lilicheza chini ya mguu wake. Akasimama. Mvua za wiki ile zilikuwa zimekula udongo wa chini, na mtu anayejua kazi huona mara moja: likiachwa hivyo, hili litaondoka kabla masika hayajaisha, na likishaondoka litavuta la juu yake, na mwaka ujao kutoka mjini kwenda ziwani itakuwa tena kazi ya vijana. Hakuna atakayemlaumu. Mvua ni mvua.

Alipoinua macho, Zarasoa alikuwa amesimama kwenye daraja, mkono kwenye ufito, amemgeukia. Alilitazama jiwe, akamtazama yeye. Alingoja.

Jaovita akapiga goti kwenye tope. Akachokoa udongo kwa vidole, akatafuta vijiwe vya kukazia, akalirudisha jiwe mahali pake na kulipigapiga kwa kisigino. Kisha akasimama juu yake kwa uzito wake wote, kama anavyofanya kabla ya kumpitisha mgeni, na halikucheza.